Gideoni Ndahani Chiloleti, Meneja wa Likizo ya Mvua

Jumanne jioni, tarehe 10 Novemba 1998, mama Ruthu alikuwa akichambua mlenda uani kwake Makutupora alipoletewa habari kwamba mumewe, Gideoni, amefariki hospitalini mjini. Jua lilipozama ua ulikuwa umejaa wapogoaji wa mizabibu, wengine wangali na mikasi mkononi.

Marehemu alizaliwa Chamwino mwaka 1941. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, kisha akapata cheti cha kilimo. Mwaka 1966 alifunga ndoa na Ruthu, na Mungu akawajalia watoto wanne.

Alianza kazi katika shamba la mizabibu mwaka 1970, akawa meneja mwaka 1985. Kila asubuhi alipita safu kwa safu akiwajulia hali watu wake. Aliyekosea alimwita kando, hakumkaripia mbele ya wenzake. Nyumbani mama Ruthu alimtania kwamba anawajua wagonjwa wa wafanyakazi wake kuliko anavyojua mafua ya wanawe.

Mwaka 1994 shamba liliuzwa kwa bwana Harithi, mfanyabiashara wa mjini. Desemba, mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, tajiri huyo alikuta shamba halina mtu, akaapa kuwafukuza wote. Alimkuta meneja wake ameinama na jembe, akipanda uwele katika shamba la Joha, mpogoaji mjane.

"Meneja, watu wangu wako wapi?"

"Wanapanda, bosi. Nimewaruhusu mimi. Wakiikosa mvua hii, watoto wao watalala njaa mwaka mzima."

"Na zabibu zikishikwa na ukungu?"

"Unifukuze mimi, hawa uwaache. Keshokutwa watakuja. Ila sogea kidogo, umekanyaga mbegu za watu."

"Mpe na yeye jembe, baba," Joha akasema. "Lile butu, asije akajikata."

Bwana Harithi alilima mstari mmoja, ukapinda kama njia ya ng'ombe. Keshokutwa yake, kabla hapajapambazuka, wafanyakazi wote walifika na waume na mashemeji ambao hawakuitwa, wakapulizia dawa shamba zima. Zabibu zilipona. Hakufukuzwa mtu, na likizo ya mvua ikawa desturi.

Tangu Machi marehemu aliugua figo. Hata wodini, muuguzi aliyekuja kumchoma sindano aliulizwa kwanza kama amekula.

Ameacha mjane, Ruthu. Watoto Petro, Anna, Silvano na Denis. Na wajukuu saba. Mungu amlaze mtumishi wake mahali pa amani.

Anazikwa leo, Alhamisi, saa nane mchana, kando ya mama yake. Wapogoaji wameomba kubeba jeneza, na bwana Harithi ameomba kubeba pamoja nao. Mama Ruthu amekubali.