Barua ya Eudocia Ambayo Hakuiandika

HERMILA: Haloo? Haloo! Ni Eudocia?

EUDOCIA: Ndiye. Nani mwenzangu? Huku mlimani mtandao unakwaruza.

HERMILA: Hermila.

EUDOCIA: Hermila komadre wangu? Niliyembatizia mwanawe?

HERMILA: Huyo huyo. Hujambo?

EUDOCIA: Sijambo. Miezi mingi hii, leo umelikumbuka jina—

HERMILA: Salio langu dogo, tutagombana baadaye. Umejiuzulu?

EUDOCIA: Nijiuzulu nini?

HERMILA: Uenyekiti wa kamati ya mto! Barua pepe yako imetufikia wote. Eti umechoka, mkutano wa kesho uwanjani umevunjwa, kampuni ijenge bwawa lake. Tubonyeze hapo chini, tuweke sahihi ya kukubali kabla ya jua kuzama, la sivyo—

EUDOCIA: Umebonyeza?

HERMILA: Mimi punguani? Si ndiyo nimekupigia!

EUDOCIA: Sijaandika kitu, komadre. Tangu asubuhi navuna viazi.

HERMILA: Lakini jina lako. Picha yako na kofia yako. Na anwani yako, herufi kwa herufi.

EUDOCIA: Anwani huigizwa. Hata kwenye bahasha, nani anamzuia mtu kuandika nyuma jina la mwenzake? Bonyeza “jibu”. Usitume! Tazama tu jibu linakwenda kwa nani.

HERMILA: Ngoja... Looo! Linakwenda kwa mtu simjui. Vijiherufi na namba tupu.

EUDOCIA: Unaona? Halafu nimewaitaje humo?

HERMILA: “Wapendwa wadau.”

EUDOCIA: [anacheka] Wadau! Lini mimi nikakuita mdau, wee mwanamke?

HERMILA: Na hilo la kutukimbiza, sahihi kabla jua halijazama...

EUDOCIA: Mwizi hapendi ufikiri. Haloo? Umekatika?

HERMILA: Nipo. Eudocia, na ile barua yako ya mwezi wa sita?

EUDOCIA: Ipi tena?

HERMILA: Uliyosema mume wangu amenunuliwa na kampuni. Kwamba nisikanyage kwako tena.

EUDOCIA: Mimi? Nikuandikie wewe hayo?

HERMILA: Jina lilikuwa lako.

EUDOCIA: Ndiyo maana hukuja kumzika mama.

HERMILA: Nilivaa nguo nyeusi. Nikafika darajani. Nikarudi.

EUDOCIA: Ungenipigia, Hermila.

HERMILA: Ningekupigia.

EUDOCIA: [anapenga kamasi] Basi. Walitaka tutengane, wakaona haitoshi, sasa wanataka mto. Hawaupati! Usizifute hizo barua, zote mbili. Kesho nitazisoma mbele ya mabwana wa kampuni na tai zao shingoni, nimesimama pale pale wanaposema nimeondoka.

HERMILA: Watu wameshaambiana hakuna mkutano.

EUDOCIA: Gonga milango. Waambie umenisikia kwa sikio lako. Asiyeamini anipigie. Na atakayepata barua yoyote yenye jina langu, anipigie kwanza.

HERMILA: Naanzia kwa jirani zangu, akina Tanta. Eudocia... kuhusu mama yako, mimi—

EUDOCIA: Hilo utamwambia mwenyewe. Tukitoka uwanjani tutapita makaburini.

HERMILA: Na wakiweka walinzi barabarani?

EUDOCIA: Waweke! Walizoea kunikuta peke yangu. Kesho watatukuta wawi—

[Salio limekwisha.]