Fundi Pumzi na Mlima Uliomgomea

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufungua, kusafisha na kufunga injini za pikipiki katika karakana yetu, Fundi Pumzi anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Kazi ya kuandika wasifu wake nimepewa mimi, mpokea wateja wa kaunta, kwa sababu, kwa maneno ya bosi, ndimi mwenye mdomo. Nimeipokea kwa mikono miwili. Atakayeona nimetia chumvi aje kaunta tubishane.

Jina la Pumzi alijitafutia mwenyewe. Kila mteja aliyetaka pikipiki yake iongezwe nguvu alipewa somo lile lile, apende asipende: injini inavuta hewa, inachoma petroli, inatoa moshi, na ukigusa kimoja lazima uviangalie vyote vitatu. Wengi walikuja wakitaka ekzosi ya kupasua masikio, wakaondoka na pikipiki tulivu yenye mbio kuliko walivyoota. Jirani yetu muuza mikate, ambaye mikate yake ya asubuhi ilikuwa ikifika saa ya chakula cha mchana, siku hizi anaifikisha ingali na joto. Nesi anayezungukia wagonjwa majumbani alifanyiwa matengenezo hayo hayo, na mpaka leo akipita hapa lazima apige honi.

Ndiye pia aliyetuanzishia desturi ya kuzungusha plagi. Pikipiki ikishatengenezwa haitoki mpaka iendeshwe kidogo, plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha petroli ndani ya injini, ifunguliwe, kisha ipitishwe mkono kwa mkono, fundi kwa fundi, ije kwangu kaunta, iishie kwa bosi. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na petroli haitoshi. Ikiwa nyeusi, petroli imezidi. Ikiwa na rangi ya biskuti, tunapiga makofi. Wateja wapya hudhani tumerukwa na akili. Siku moja bosi aliipokea bila kitambaa ingali ya moto, akairusha, ikatua kwenye kikombe chake cha chai. Siku hiyo rangi haikujulikana, na chai haikunyweka.

Sasa tuje kwenye mlima, maana wasifu huu bila mlima ni uongo mtupu. Nyumba ya Fundi iko juu ya mlima ulio nyuma ya karakana. Mkewe, mshonaji hodari tunayemwita Mama Cherehani, ana duka lake mtaa huu huu wa bondeni, hivyo jioni hurudi pamoja kwa ile pikipiki kuukuu yenye injini ndogo, aliyomchumbia nayo. Au tuseme huanza safari pamoja. Mlima unapokaza, pikipiki hukohoa, Mama hushuka, hukusanya gauni lake mkononi na kupanda kwa miguu, huku bingwa wa nguvu za injini akimsubiri juu na kujitia anaangalia mawingu. Ndoa yao yote imekwenda hivyo.

Mwezi uliopita Mama aliingia hapa, akasimama mbele ya kaunta yangu na kutangaza kwamba magoti yake yamechoka. "Mpaka siku ya kustaafu kwako, baba, hicho chuma chako kiwe kimenifikisha juu nikiwa nimekaa. Kisipoweza, tunakiuza." Hakungoja jibu. Fundi alinywea. Ile pikipiki anaipenda hivi kwamba mvua ikinyesha huifunika kwanza yenyewe ndipo ajifunike yeye.

Hapo ndipo mwalimu wetu alipolisahau somo lake lote. Kwa papara alianza na ekzosi: akaifunga fupi na pana, ili moshi utoke bila kizuizi. Kwenye tambarare pikipiki ilikimbia vizuri, lakini mlimani, ambako mwendo ni wa polepole, ikaishiwa nguvu mapema kuliko zamani, tena kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Mama alishuka mbali zaidi na nyumbani, mara hii kwa aibu. Fundi akahamia kwenye hewa, akatoboa boksi la chujio mpaka likafanana na kichungi cha chai. Hewa ikajaa, petroli ikabaki ile ile, injini ikawa inapiga chafya na kuchemka. Akaipanua njia ya petroli kwenye kabureta, akapitiliza, ekzosi ikawa inatema masizi. Mama akafika kwenye harusi ya mpwa wake na gauni la manjano alilolishona kwa mkono wake, pindo lote jeusi ti. Siku tatu Fundi alijipakulia chakula mwenyewe.

Lazima niseme kwamba plagi ya pikipiki yake haikuwahi kuzungushwa hata mara moja. Nani angemkagua mwalimu? Lakini wiki iliyopita alipiga moyo konde, akaifungua mbele yetu, akaikabidhi kwa fundi wa kwanza. Ilikuwa nyeusi kama kaa! Tulivunjika mbavu, naye akacheka mpaka akakaa chini. Kisha mafundi wote wakaivamia ile pikipiki. Wakafunga ekzosi ndefu na nyembamba inayofaa kuvuta mzigo, wakaweka boksi zima lenye chujio jipya, wakaipunguza petroli kidogo kidogo, wakarekebisha na muda wa cheche. Plagi ilizunguka mpaka viganja vyetu vikawa vyeusi, na ilipotoka rangi ya biskuti, bosi ndiye aliyepiga makofi kwanza.

Jumamosi tulifunga karakana, tukaenda mlimani. Ili kupunguza uzito, Fundi aling'oa vioo na sanduku la vifaa, akamwaga petroli yote isipokuwa kama kikombe kimoja. Mama akapanda, akamshika kiuno. Pikipiki ikakata kona ya kwanza, ikapita pale anaposhukia siku zote, ikazidi kuvuta! Sisi nyuma tunakimbia na kupiga kelele kama wafungwa waliofunguliwa. Juu kileleni Fundi alilia waziwazi, nami nililia, na sioni sababu ya kuficha.

"Rudia!" Mama akaamuru. Wakashuka, wakapanda tena. "Tena!" Katikati ya safari ya tatu injini ikanyamaza. Kile kikombe cha petroli kilikuwa kimekwisha. Fundi akageuka, akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba, akitaraji atashuka kama kawaida. Mama akakaza kilemba chake.

"Mimi zamu zangu za kutembea nimemaliza. Sukuma."

Akasukuma. Bosi akashika upande mmoja, mafundi upande wa pili, mimi nyuma, wote tumelegea kwa kicheko, na Mama Cherehani amekaa wima juu ya kiti akiwapungia majirani mkono mpaka mlangoni kwake.

Pikipiki haiuzwi. Fundi Pumzi, kwa yote uliyotufundisha na kwa yote uliyoyasahau mbele yetu, asante sana. Tunakuombea wewe na Mama afya, siku ndefu zenye furaha, na tangi lililojaa.