Tarehe za Chini ya Kitambaa cha Kijani

Padri wetu, ndugu, majirani wa Kamembe na nyinyi mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu, mimi ni Gaju, binti wa marehemu Védaste Uwayezu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Makaratasi yetu yalipotea mara mbili, mwaka 1961 tulipokimbilia Kongo na mwaka 1994 tuliporudi, kwa hiyo tarehe nitakazosoma nimezinakili juzi Jumatano kwenye meza ya biliadi, na nitaeleza kwa nini.

Marehemu alizaliwa Gitambi, huku kwetu Rwanda, tarehe 12 Aprili 1950, mtoto wa tatu wa wakulima, akavushwa mto Rusizi akiwa na miaka kumi na moja, akasoma Bukavu hadi darasa la tano, ada ilipokosekana akaacha. Mwaka 1968 aliingia kazini kwenye klabu moja ya biliadi mjini humo, yeye na Papa Buhendwa, ambaye yuko hapa nasi, wakafundishwa pamoja kutengeneza zile meza kubwa za snuka. Wengi wanadhani chini ya kile kitambaa cha kijani kuna mbao, kumbe ni mabamba matano ya jiwe jeusi, jiwe lile lile la vibao vya kuandikia shuleni, kila moja halibebwi na watu wawili, na kazi ya Papa, baba yangu, ilikuwa kuyaunganisha yawe kitu kimoja, kuziba viungo kwa nta ya nyuki, kukwangua, kupima kwa pimamaji, kuchomeka vipande vya karata chini ya upande ulioinama, kisha kupitisha ukucha juu ya kiungo, na ukucha ukikwama anaanza upya. Fundi akimaliza, kabla ya kufunika kitambaa, huandika jina lake na tarehe juu ya jiwe, ndiyo desturi yao.

Alimwoa Maman yetu, Mukagasana Anonciata, tarehe 20 Agosti 1977, wakajaliwa Mucyo mwaka 1979, mimi mwaka 1981, wawili ambao Mungu aliwachukua wadogo, na kitindamimba wetu Umuhire, aliyezaliwa Januari 1997.

Tulirudi Septemba 1994. Papa alikuta meza ya klabu ya hapa Kamembe imepikiwa juu yake, bamba moja limepasuka, paa halipo, mvua imeoza kitambaa, na mji wenyewe mnakumbuka ulivyokuwa, nyumba nyingi hazikuwa na wa kufungua mlango. Alifanya kazi miezi mitatu, na siku ya kufunika aliandika kwenye bamba la katikati jina lake, tarehe, kisha kuzaliwa kwake, ndoa yake na watoto wake wote, kwa sababu, nadhani, jiwe haliungui.

Kaka yangu Mucyo alibaki Bukavu kwa Papa Buhendwa amalize masomo. Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Oktoba 1996 hatukupata habari zake, Papa akavuka kumtafuta, akarudi siku ya tatu akisema mtoto amekimbilia porini na wenzake, atarudi. Tangu hapo, kila Ijumaa, kwa miaka sita, Maman alishuka mpakani, darajani Rusizi II, na picha ya Mucyo, akiuliza wanaovuka, mimi nikiwa naye, na mara nyingi Papa pia, amesimama nyuma yetu ameshika mwavuli.

Tarehe 17 Februari mwaka huu, 2003, akiwa peke yake klabuni, maana alikuwa akifunga mlango kila alipovua kitambaa na hakutaka msaidizi, jeki iliteleza, bamba likamwangukia nyonga. Alilazwa hospitali ya Mibirizi, kidonda kikaoza, akafariki Jumanne tarehe 4 Machi. Siku moja kabla aliniambia, "Mufungue meza, jiwe ya katikati. Musome yote mbele ya kunizika, hata kama Maman iko pale."

Tulifungua. Chini ya majina yetu imeandikwa kwa penseli: Mucyo, 29 Oktoba 1996, bomu, nimemkuta amekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba ya Buhendwa, Anonciata ana mimba ya miezi saba, nitamwambia akishajifungua. Halafu, kwa kila kitambaa alichobadilisha, mstari mmoja. 1997, sijamwambia. 1998, sijamwambia. 1999, 2001, 2002, sijamwambia.

Ninasema wazi mbele yenu kwamba nimemkasirikia baba yangu, na kwamba nampenda, na vyote viwili nimekuja navyo hapa kaburini. Nilimsomea Maman jioni ile ile, hakulia, na leo alipofika Papa Buhendwa, ambaye Papa alimwapisha asiseme, Maman alimuuliza neno moja tu kuhusu Mucyo, "Balimufunika na nini?" Akajibiwa, "Na kitambaa ya biyari, Maman." Maman akauliza kama kilikuwa kizee. "Hapana, ilikuwa mupya, nilikuwa naichunga ya meza ya kwetu."

Kwa hiyo katika orodha ya watoto wa marehemu, wanaomlilia ni wawili, mimi na Umuhire, na aliyemtangulia pamoja na wale wadogo ni Mucyo, miaka kumi na saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mibirizi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliolala nasi siku hizi tatu, wachezaji na mafundi wa klabu waliobeba jeneza, na Papa Buhendwa, ambaye kesho atatupeleka nyuma ya nyumba yake.

Leo ni Ijumaa, na Maman hakushuka darajani. Papa, pumzika kwa amani, ameambiwa.