Nilibatizwa, Wakanitoa Duarani

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naomba mniitikie kwa nguvu, maana mtu aliyezoea kuishi chini ya ardhi husikia kwa shida.

Mimi ni Mabula, mzaliwa wa Kishapu. Naishi hapa Nyasubi na mke wangu, Mama Pendo. Kwa miaka tisa nilichimba dhahabu kwenye maduara ya Geita. Sikuwa mlevi, wala sikuwa mwizi. Nilikuwa mwoga. Mnaocheka, subirini.

Kila tulipofungua duara, yaani shimo la kuchimbia, mganga alitupa masharti. Sharti kubwa lilikuwa kutooga mpaka mwamba utoe dhahabu, tusije tukaosha bahati. Nililishika kuliko wote. Kuna wakati nilimaliza mwezi na nusu maji hayajagusa mgongo, na nikirudi nyumbani Mama Pendo ananitengea chakula uani, upande upepo unakoelekea. Nilivaa hirizi kiunoni na bado nilitetemeka kila niliposhika kamba ya kushukia. Mvua ikinikuta njiani nilikimbia kama mbuzi, nisije nikaitwa mkosi wa wenzangu. Ndugu zangu, huo ni utumwa!

Kisha mvua zikazidi. Duara letu, tulilolichimba miezi minane, likajaa maji hadi mdomoni. Kazi ikasimama. Nikarudi Nyasubi, nikawa mtu wa kukaa kwenye kiti na kugombana na kuku. Mama Pendo akachoka. Akaniambia kanisani kwao kenchi moja ya paa imeoza, na mimi si ndiye fundi wa matimba, zile nguzo za kuzuia udongo usituangukie? Nikaenda. Sikumfuata Mungu, nilikimbia kile kiti.

Nikiwa juu ya paa na nyundo, akina mama wakaanza maombi chini yangu. Nikamsikia mke wangu: "Bwana, mtoe Baba Pendo kwenye woga, hata kama hatapata dhahabu." Hasira zilinipanda. Miaka yote hiyo nilidhani siri yangu hakuna anayeijua! Baadaye machozi yakanitoka, nikawa sioni msumari. Nikashuka, nikaomba waniombee. Siku hiyo nilimpa Yesu maisha yangu, na hirizi nikamkabidhi mchungaji akaichoma.

Ubatizo ulipangwa Jumapili, kwenye lambo. Alhamisi simu ikaita. Alikuwa Baba Kulwa, mkubwa wetu wa duara, mtu ambaye kifusi kiliponifunika alinifukua kwa mikono yake. Alisema maji yamevutwa, dawa mpya imeshawekwa, niende haraka. Nikamwambia nitafika Jumatatu, nikishabatizwa. Akauliza kanisa letu linabatizaje. Nikamweleza.

"Mabula, ungekuwa unanyunyiziwa tungevumilia," akasema. "Kuzamishwa mwili mzima, hapana. Chagua."

Nikakata simu. Miezi minane ya jasho langu imo kwenye lile shimo! Lakini nikaona kwamba nikiahirisha, nitaahirisha mpaka kaburini. Jumapili nikazama, nikainuka.

Jumatatu nilikwenda Geita mwenyewe, sikutuma ujumbe. Niliwaambia wenzangu wazi kwamba nimebatizwa, mwili mzima, na niko tayari kushuka nao. Baba Kulwa hakunitukana. Alinirudishia tochi yangu na kusema nafasi imeshapata mtu.

Ndugu zangu, hapa mnangoja niseme duara lilikauka. Halikukauka. Baada ya wiki mbili walipata dhahabu! Mtaa mzima ukaniita Muogaji. Nitakuwa mwongo nikisema niliimba pambio. Nililia kwa wivu, nikakaa siku tatu bila kukanyaga kanisani. Mama Pendo alipika tu. Siku ya nne nikajiuliza: hata ningeipata ile dhahabu, ningethubutu kufungua duara jingine bila mganga? Nisingethubutu. Basi nikavaa shati, nikabeba nyundo, nikaenda kumalizia paa.

Leo nachimba visima vya maji Kishapu na Maganzo. Giza la shimo ni lile lile, udongo unaua vile vile. Nafunga matimba yangu vizuri, naomba, nashuka.

Mwezi uliopita Baba Kulwa alinifuata kazini. Amejenga sasa, ana pikipiki mbili. Alisimama akanitazama nikipanda kutoka kisimani, halafu akauliza kwa sauti ya chini nimevaa nini kiunoni. Nikainua shati. Aliona mkanda wa suruali.

"Na woga?" akauliza.

"Yesu alinitoa huko, Baba Kulwa. Na wewe atakutoa."

Hakuokoka siku ile. Alikunywa chai, akaniomba nimkumbuke kwenye maombi, yeye ambaye hajawahi kuniomba kitu. Namwombea kila siku kwa jina.

Kwetu tunasema wabeja, yaani asante. Wabeja sana, Yesu! Na wewe unayenisikia, usije kwake ukitafuta dhahabu, huenda usiipate. Njoo akutoe woga. Na kama kuna nafasi utakayonyang'anywa kwa ajili yake, iache iende. Ukishaipoteza, uje kanisani kwetu Nyasubi, ukae kwenye benchi langu.