Nisikie Nyasi Tu

Sogeeni, wanangu, na hiyo dawa iwekeni chini, nimechoka kumezeshwa. Nisikilizeni wakati ulimi bado unanitii. Nyumba ni yenu wote wawili, vyumba vya mbele vya kaka, vya nyuma vya dada, na hilo halina mjadala. Kinachonitoa roho ni ule uwanja wa nyuma na upinde wangu, maana wa kufundisha baada yangu ni wewe, binti yangu, na mpaka leo unaachia ugwe wa upinde kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Tangu macho yangu yazimike, wanafunzi nawafuata kwa masikio kutoka kitandani hapa, na wewe nakujua: ncha ya mshale ikitulia kwenye shabaha tu, vidole vimeshafunguka, mkono haujafika hata kwenye taya. Ni tangu siku ile mshale wako ulipopaa juu ya ukuta na kaka yako akakucheka mbele ya watu. Na wewe kaka mtu, najua umeinamisha kichwa, kiinue. Kicheko chako kimenivunjia mwalimu.

Jamani, nawaomba, nawasihi, fanyeni sasa hivi nikiwa hai. Shabaha iondoeni. Binti yangu, simama karibu kabisa na robota la nyasi, fumba macho, vuta mpaka kidole gumba kiguse taya. Wewe kaka, weka kiganja katikati ya mabega yake, na asiachie mpaka mifupa ya mabega ikubane kiganja. Vidole usivifungue, mama. Vilegeze tu, ugwe uondoke wenyewe, na mkono urudi nyuma kupita sikio. Ukinyakua, ugwe utalia mpaka humu chumbani. Ukiachia vizuri, nitasikia nyasi tu.

Nendeni. Dirisha liacheni wazi.

Umenyakua! Nimekusikia. Tena. Lo, bado! Kaka, usimwambie kitu, mguse tu. Tena, mama, tena, mimi sina muda. Nikifa msianze kulia, anzeni na wanafunzi, wafundisheni pamoja, mmoja kwa upinde, mwingine kwa kiganja. Mungu awaweke, wanangu, awape mikono iliyotulia, asiwatenganishe... Pumzi hii... Tena.

Nyasi. Nimesikia nyasi. Ugwe sijausikia kabisa.

Mbona mmenyamaza? Semeni, wanangu. Ni mkono wake, au ni masikio yangu?