Mama Honorine na Maneno Matano

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kuwahudumia wagonjwa wetu hapa Bunia, muuguzi wetu mpendwa Mama Honorine anastaafu tarehe 31 Mei.

Wengi mnamjua kwa maneno yake matano. Mgonjwa wa kiharusi akianza kutembea tena, familia hufurahi na kutaka kumpeleka nyumbani. Mama Honorine humkalisha kwanza. Humtajia maneno matano, wakaongea kidogo habari za shamba na wajukuu, kisha humwomba ayarudie. Kiharusi kinaweza kuacha miguu kikachukua kumbukumbu, na hakuna anayeona. Wauguzi wote wa hapa amewafundisha kazi hiyo.

Familia za mtaa wa Saio zilipoanza kuwafunza wagonjwa maneno hayo mlangoni, kama katekisimu, akawa anayabadilisha kila wiki. Ndipo akaja Papa Kasereka, dereva wa lori la kwenda Mahagi, aliyetaka kurudi barabarani siku ileile. Mwanawe Fiacre alikuwa amemfunza vizuri sana. Papa akayataja yote matano bila kusita, lakini yalikuwa ya wiki iliyopita! Mama Honorine alicheka mpaka akafuta machozi, halafu akampa mengine kwa upole. Papa alikumbuka moja tu.

"Mama, weye unaninyima kazi?" akauliza.

"Hapana, papa. Miye nataka ufike."

Funguo za lori zikabaki kwa Fiacre. Miezi minane alimleta baba yake kwenye mazoezi, na akimngoja alikaa mbele ya meza yangu ya mapokezi. Macho yale, jamani! Kwa hiyo Mama Honorine amenipatia hata mume, na tangu arusi yetu ya mwezi wa nne ninaamka nikitabasamu.

Asubuhi ya arusi hiyo, mlangoni pa kanisa, alimnong'oneza Papa maneno matano. Jioni, Papa aliposimama kutubariki, alianza kwa kuyataja: mvua, daraja, mbuzi, kikapu, furaha. Wageni hawakuelewa kwa nini mama mmoja aliinuka akacheza peke yake.

Daktari naye ameridhika, na Papa ameshika tena usukani. Mama Honorine anarudi kwao Mahagi. Vyombo vyake vitapanda lori la Papa Kasereka, na yeye atakaa mbele, kando ya dereva.

Asante, Mama, kwa yote. Tunakuombea miaka mingi ya raha na afya. Nasi pia tunataka ufike.

Gracieuse, mapokezi