Siku udongo iliniruka mbele ya bamaman

Ndugu zangu wa shirika, mutanisamehe Kiswahili yangu. Masomo niliachia mu cinquième, darasa la tano, na mwalimu njo alifurahi kunipita.

Mimi ni mufinyanzi. Munaniona na shati ya pasi, lakini zamani nilikuwa nakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, asubui kusudi mikono isitetemeke. Nawaambia kweli, bila kikombe singeweza ata kufunga kifungo.

Nilikuwa nafundisha kufinyanga, lakini wanafunzi wakaniacha. Sista mwenye kuchunga atelier ya vyungu akanipa siku moja ya mwisho: nifundishe kikundi ya bamaman gurudumu ya kufinyangia. Ikienda mubaya, nitoke. Ile asubui nikakunywa vikombe mbili. Ya pili ilikuwa ya courage.

Nikaweka bonge ya udongo katikati, nikasukuma gurudumu na muguu. Udongo ikakataa kutulia. Nikaongeza mbio. Ikaruka mupaka mu kitenge ya maman moja wa Nyantende. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Kuchekesha watu njo kazi nilikuwa najua.

Ule maman hakucheka. Alijipangusa, akanisogelea, akasema polepole: «Papa, unanuka kasiksi. Ikala chini, ponda udongo.»

Akaambia wenzake gurudumu itangoja. Mama-mukwe wake alimufundishaka kufinyanga na mikono: unaviringisha udongo kama nyoka, unapandisha nyoka juu ya nyoka. Akawaonyesha. Mimi mwalimu, naponda.

Sista akarudi, akakuta vyungu munane vimepangwa. Akanisifu sana. Ndugu zangu, kunyamaza ilikuwa mwepesi. Nikaangalia ule maman. Alikuwa ananawa mikono tu.

Nikasema: «Sista, si mimi. Mimi nililewa. Ni ule maman njo alifundisha.»

Sista akasema nisiguse gurudumu tena. Nikitaka kazi, niponde udongo, na kila asubui maman aninuse kinywa kabla niingie.

Alininusa mupaka majira ya mvua ikaisha. Wiki ya kwanza bila kasiksi mikono ilitetemeka sana, udongo ilikuwa inajiponda yenyewe. Kisha mikono ikatulia. Siku moja maman akaninusa, akasogea kando, akanionyesha gurudumu. «Leo fundisha.»

Bonge ikatulia katikati.

Asanti sista, asanti maman, asanti bibi yangu wa ndoa mwenye kunifungaka vifungo. Mutu akianguka, musimucheke tu, na musimufiche. Mumupe udongo aponde.

Na kama kuna mutu hapa hanisadiki, akuye karibu, aninuse.